Urafiki wa Herode na Pilato, Upatanisho wa Yakobo na Esau



Katika masimulizi ya Mateso ya Bwana, Mwinjili Luka anatupa habari moja ndogo ambayo wenzake hawaitaji, nasi mara nyingi huipita haraka. Anaeleza kwamba Herode na Pilato, waliokuwa na uadui kati yao, walipata kuwa marafiki siku ileile Yesu alipopelekwa huku na huko baina yao. Watawala wawili wakapatana, na kilichowapatanisha ni mfungwa mmoja asiye na mtetezi. Kitabu cha Mwanzo nacho kina habari ya upatanisho mwingine, wa Yakobo na ndugu yake Esau. Huko pia palikuwa na uadui wa miaka mingi, na mwisho wake watu walikumbatiana wakalia. Lakini hakuna mtu aliyetolewa ili ndugu hao wapatane. Yakobo alilipa kwa mali yake mwenyewe na kwa magoti yake mwenyewe.

Tunaziweka habari hizi mbili pamoja kwa sababu katika nchi zetu tunasikia mara kwa mara kwamba kiongozi fulani amemfungulia mlango mpinzani wake, au taifa moja limenyoosha mkono kwa taifa lililokuwa likihasimiana nalo. Mkristo husikia habari hiyo kwa furaha, na ndivyo inavyompasa. Hata hivyo si kila mkono unaopeanwa ni mkono wa amani ya Kristo. Makala haya yanataka kusema jambo moja: kiongozi anayemwendea hasimu wake hana budi kutayarisha njia kwa uangalifu, na hata kwa siri, lakini bei ya upatanisho huo haipaswi kuwa siri, wala haipaswi kulipwa na mtu mdogo asiyeulizwa.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Huenda mtu akasema: mambo ya marais na mabalozi yanatuhusu nini sisi wa Berega, tulio wakulima? Yanatuhusu kwa gunia la mahindi. Mahindi ya ukanda wetu hupita kwa madalali, yakafika soko la Kibaigwa na masoko mengine, na sehemu yake huvuka mpaka kwenda Kenya. Mwezi Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, malori yalikwama mpakani. Mwenye lori alilalamika kwa tajiri wake, tajiri akapunguza ununuzi, na aliye mwisho wa mnyororo huo ni mama anayesubiri kuuza debe tatu ili alipe sare ya shule. Hakualikwa katika mazungumzo yoyote, lakini uamuzi ulimfikia.

Ugomvi huo wa mwaka 2021 haukuwa wa kwanza. Mwaka 2017 ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kenya walinadiwa upande wetu, na vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya vikachomwa moto huko Namanga. Wahenga walisema wapiganapo tembo, nyasi huumia. Tukumbuke tu kwamba hata tembo waliopatana wanaweza kulala juu ya nyasi zilezile.

Miaka sita ya mpaka uliofungwa

Wazee wetu wanakumbuka kipindi kigumu zaidi. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoanzishwa kwa mkataba wa Kampala wa mwaka 1967 ilivunjika mwaka 1977. Mwezi Februari mwaka huo, shirika la ndege la pamoja lilipokufa na Kenya ikaanza kurusha ndege zake yenyewe, Tanzania ilifunga mpaka. Magari, ndege na mali nyingine zikashikiliwa. Familia za Namanga, Holili, Horohoro na Sirari, ambazo shamba la mjomba liko upande mmoja na kaburi la babu liko upande wa pili, zikajikuta zinahitaji kunyata usiku ili kwenda kuzika. Bidhaa zikapita kwa magendo. Maneno nayo yakawa makali: upande mmoja uliwaita wenzao jamii ya watu wanaolana, na upande wa pili ukajibu kwamba huko kwenu hakuna hata cha kula. Watu walicheka, lakini chuki ilikuwa inapandwa.

Hapa yupo atakayeuliza: je, haikuwa haki kukataa kukaa na wabaya? Tangu Idi Amin alipotwaa madaraka Uganda mwezi Januari 1971, Mwalimu Julius Nyerere, ambaye leo Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu, alikataa kukaa naye meza moja, na kwa sababu hiyo kikao cha marais watatu wa Jumuiya hakikufanyika tena. Hatumlaumu Mwalimu. Damu ya Waganda ilikuwa inalia, na dhamiri ya mtu inaweza kumkataza kumpa mkono mwuaji. Lakini funzo lipo: meza ya wakubwa ikiondolewa, ni lazima pawepo mlango mwingine, hata wa nyuma, ambao wajumbe wanaweza kupita. Tanzania na Kenya hazikuwa na kisa cha damu kati yao. Zilikuwa na hesabu za mali na majivuno, na bado ilichukua zaidi ya miaka sita mpaka kufunguliwa.

Ulifunguliwa mwezi Novemba 1983, Mwalimu Nyerere, Rais Daniel arap Moi na Rais Milton Obote walipokutana Arusha. Picha za siku ile zilionyesha tabasamu. Lakini siku ile ilikuwa na miaka mingi ya kazi nyuma yake, na ilikuwa pia na bei yake. Tutazame kwanza kazi, kisha hesabu, kisha bei.

Njia hutayarishwa kabla

Bwana wetu, katika Injili ya Luka, anatoa mfano wa mfalme mwenye askari elfu kumi anayekwenda kukabiliana na mwenye elfu ishirini. Mfalme mwenye busara huketi kwanza akapiga hesabu, na akiona hawezi, hutuma wajumbe kuomba masharti ya amani wakati yule mwingine angali mbali. Tuliangalie neno hilo: angali mbali. Ujumbe unaotumwa adui akiwa tayari mlangoni huwa ni kujisalimisha tu.

Yakobo alifanya vivyo hivyo. Aliposikia kwamba Esau anakuja na watu mia nne, alikuwa amekwisha kutuma wajumbe. Akapanga zawadi za mifugo kwa makundi, akaacha nafasi kati ya kundi na kundi, ili hasira ya ndugu yake ipoe kidogo kidogo njiani. Akasali usiku. Kisha akatangulia mwenyewe mbele ya wake na watoto wake, akainama mara saba. Kila hatua ilikuwa imefikiriwa. Sala haikumzuia kupanga, na kupanga hakukumzuia kusali.

Katika mgogoro wetu wa Afrika Mashariki, mjumbe alikuwa Victor Umbricht, mwanadiplomasia wa Uswisi aliyeletwa kwa msaada wa Benki ya Dunia. Alianza kazi baada ya Jumuiya kuvunjika, akawa anakwenda Nairobi, anakuja Dar es Salaam, anapanda Kampala, anazungumza na kila serikali peke yake. Wakati marais walikuwa hawapendi kuonana, yeye alikuwa anahesabu. Katika miaka hiyohiyo, Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimtuma Kardinali Antonio Samorè kati ya Argentina na Chile, nchi mbili za Kikatoliki zilizokuwa karibu kupigana mwishoni mwa mwaka 1978 kwa ajili ya visiwa vya mlango wa bahari wa Beagle. Kardinali huyo alifariki mwaka 1983 kabla ya kuona matunda. Mkataba wa amani na urafiki ulitiwa sahihi Vatikano tarehe 29 Novemba 1984. Mjumbe mwema hapandi ili avune yeye.

Nao mlango wa mwaka 2021 ulianza kufunguka msibani, kama inavyotokea katika vijiji vyetu. Tarehe 22 Machi 2021 Rais Uhuru Kenyatta wa Kenya alikuwa Dodoma kumwaga Rais John Magufuli. Alipokuwa akihutubia, adhana ikasikika, naye akanyamaza mpaka ikaisha. Tendo lile dogo lilisema zaidi ya hotuba. Mwezi Aprili akamtuma waziri wake Dar es Salaam na barua ya mwaliko. Mwanzoni mwa Mei Rais Samia Suluhu Hassan akaenda Nairobi, akahutubia mabunge mawili ya Kenya yaliyokaa pamoja. Msiba, mjumbe, barua, ziara: mpangilio huo kila mzee wa ukoo anaufahamu, maana ndivyo posa na suluhu zinavyokwenda.

Katika kazi ya namna hiyo usiri una nafasi yake. Mjumbe akitangazwa redioni kabla hajafika, kila upande utalazimika kuonyesha ukali mbele ya watu wake. Hatuna ugomvi na siri ya matayarisho. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Nasi tunaweza kusema pia kwamba mjumbe hapigiwi kelele kabla ya kurudi.

Hesabu iwe wazi

Papa Yohane XXIII alitoa barua yake juu ya amani duniani, Pacem in terris, mwezi Aprili 1963, miezi michache tu baada ya Marekani na Urusi ya Kisovieti kukaribia kuangamizana kwa sababu ya makombora ya Kuba. Alifundisha kwamba amani husimama juu ya nguzo nne: ukweli, haki, upendo na uhuru. Ukweli ameutaja kwanza. Maana yake ni kwamba watu hawawezi kupatana juu ya jambo ambalo hawajakubali kulitaja.

Nchi yetu ya Kilosa inajua hasara ya mapatano yasiyo na ukweli. Tarehe 29 Novemba 1884, huko Msovero, Mjerumani Carl Peters aliandika kile alichokiita mkataba wa urafiki na Mangungo, mtawala wa mahali pale. Karatasi ilikuwa kwa lugha ambayo Mangungo hakuisoma, na ndani yake nchi ilikuwa inatolewa. Mwezi Februari 1885 mfalme wa Ujerumani akaipa kampuni ya Peters ulinzi wake juu ya nchi hizo za Usagara. Leo jina la Mangungo hutumiwa kama methali ya mikataba mibovu, na watu hulitaja kwa kucheka. Sisi tulio jirani na Msovero tusicheke. Mtu yule alikaribisha mgeni kwa desturi ya nchi. Udanganyifu ulikuwa wa yule aliyeandika asichosema. Na ajabu ni kwamba mkataba ule wa Vatikano tulioutaja ulitiwa sahihi miaka mia moja kamili baadaye, siku ileile ya mwezi. Mikataba yote miwili iliitwa ya urafiki. Tofauti yake ni kwamba mmoja ulisomwa na kujadiliwa neno kwa neno na pande zote, na mwingine haukusomwa.

Katika hesabu za Jumuiya iliyovunjika, Umbricht na wataalamu wake walitazama vichwa vya treni, meli, ndege, majengo na madeni. Wakapendekeza mgawanyo: Kenya asilimia 42, Tanzania asilimia 32, Uganda asilimia 26. Hakuna aliyeridhika kabisa, lakini kila mmoja aliweza kuona mwenzake amepata nini na kwa nini. Mapatano yalitiwa sahihi Arusha tarehe 14 Mei 1984. Kutokana na hesabu hiyo iliyofungwa vizuri, iliwezekana miaka mingi baadaye kuandika mkataba mpya wa Jumuiya, uliotiwa sahihi tarehe 30 Novemba 1999.

Ukweli una sehemu nyingine inayouma zaidi, nayo ni kukubali kwamba hasimu wetu ana hoja. Kenya ilipolalamikia sumukuvu mwaka 2021, wengi walisema ni wivu wa biashara. Huenda wivu ulikuwepo. Lakini mwaka 2016 sumukuvu hiyohiyo iliua watu wetu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mkulima anayeanika mahindi juu ya udongo mbichi, kisha akayafunga katika gunia yakiwa na unyevu, anawahatarisha watoto wake kabla ya kumhatarisha Mkenya. Hata mgogoro ule ulipoanza kutatuliwa, vikwazo vya biashara viliorodheshwa kimoja kimoja, vikafika 64, na mwezi Desemba 2021 ikatangazwa kwamba 46 vimeondolewa. Orodha ya namna hiyo ina faida kuliko hotuba mia za udugu, kwa sababu mtu anaweza kuuliza: bado 18, viko wapi?

Nani amelipa?

Sasa tufike mahali ambapo pengine tungependa kunyamaza.

Tarehe 1 Agosti 1982 baadhi ya askari wa jeshi la anga la Kenya walijaribu kupindua serikali. Watu wengi walikufa Nairobi. Kiongozi wao, Hezekiah Ochuka, alikimbilia Tanzania akapokewa kama mkimbizi. Kwa upande wa pili, Watanzania walioshtakiwa kwa njama ya kumpindua Mwalimu Nyerere walitoroka mahabusu mwaka 1983 wakakimbilia Kenya. Mwishoni mwa mwaka 1983, wakati uleule mpaka ulipokuwa unafunguliwa, serikali mbili zilirudishiana watu hao. Ochuka alishtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi, akahukumiwa kifo, akanyongwa mwezi Julai 1987.

Hatusemi kwamba Ochuka hakuwa na la kujibu. Damu ilimwagika kwa sababu ya tendo lake, na waliofiwa walistahili haki. Lakini mtu aliyekwisha kupewa hifadhi alirudishwa mahali ambapo kila mmoja alijua kitakachompata, na hilo likafanyika katika siku za kupeana mikono. Kama angerudishwa kwa amri ya mahakama, baada ya kusikilizwa hadharani na kwa ahadi kwamba hatauawa, tungeweza kusema ni sheria. Ilivyokuwa, ilifanana mno na zawadi kutoka ikulu moja kwenda nyingine. Zawadi za Yakobo zilikuwa mbuzi, kondoo, ngamia na punda. Binadamu hawezi kuwa mojawapo ya zawadi.

Wapo na wengine waliolipa kimyakimya. Jumuiya ilipovunjika, maelfu ya wafanyakazi wa reli, bandari, posta na ndege walibaki bila kujua mafao yao yako kwa nani. Mapatano ya mwaka 1984 yaliweka utaratibu wa mafao hayo, na kila nchi ikachukua wajibu wa watu wake. Lakini hapa kwetu wastaafu wa Afrika Mashariki waliendelea kudai kwa miaka. Walikwenda mahakamani, wakafikia makubaliano na Serikali mwaka 2005, na hata baada ya hapo wazee wenye fimbo walionekana katika barabara za Dar es Salaam wakidai kwamba hawajalipwa chote. Wengi walikufa wakiwa na faili mkononi. Marais walikuwa wamekwisha kupatana zamani.

Tusidhani mambo hayo yamepita. Tarehe 16 Novemba 2024 Dakta Kizza Besigye, mwanasiasa wa upinzani wa Uganda, alitoweka akiwa Nairobi; siku nne baadaye alifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi Kampala. Hapakuwa na hakimu wa Kenya aliyeulizwa. Mwezi Mei 2025 wanaharakati kutoka Kenya na Uganda waliokuja Dar es Salaam kufuatilia kesi walikamatwa na kuondolewa nchini, na wawili kati yao wakaeleza hadharani kwamba waliteswa. Wakati serikali zinagombana, mkimbizi hupata walau mahali pa kujificha. Serikali zikipatana bila haki, hana pa kwenda. Ndiyo sababu urafiki wa watawala unatakiwa kulindwa na mahakama huru, waandishi wa habari na Kanisa lisiloogopa kuuliza. Vinginevyo tunarudia siku ile ya Yerusalemu, ambapo kila mkubwa alilala ameridhika na asiye na mtetezi akapelekwa Golgota.

Basi ndiyo maana tunatofautisha siri ya matayarisho na siri ya bei. Kiongozi anaweza kutuficha jina la mjumbe wake na siku ya safari yake. Hana haki ya kutuficha ni nani atakayelipa.

Hapa kwetu Kilosa

Tukimtaka Rais afanye hivyo, sisi tunafanya nini? Wilaya yetu ina mahasimu wake. Mwezi Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Tangu hapo amani imekuja na kuondoka kama mvua za vuli. Kila kiangazi, mifugo inapofuata maji na masuke yanapokuwa bado shambani, tunasikia tena maneno yaleyale: wale si watu, wale wavamizi, wale wamewahonga wakubwa. Na kila upande una makaburi yake.

Wazee wa nchi hii walikuwa na hekima yao. Utani tulio nao na makabila mengine, ambao vijana wanaudhani ni mzaha wa msibani tu, katika sehemu nyingi ulizaliwa na vita na misafara ya zamani. Watu waliouana walikubali kwamba kuanzia sasa watatukanana kwa kucheka na kuzikana kwa machozi. Huo ulikuwa mkataba usioandikwa, lakini kila mtoto aliusoma.

Tunapendekeza hatua chache ambazo halmashauri za walei na kamati za haki na amani za vigango zinaweza kuzianza, pamoja na jirani zetu Waanglikana, ambao hospitali yao ya Berega inatibu majeruhi wa pande zote, na pamoja na ndugu zetu Waislamu.

Kwanza, wajumbe wachaguliwe sasa, kabla ya kiangazi, wakati ugomvi ungali mbali. Wawe watu wanaoaminika na upande wa pili, si upande wao tu: mzee wa Kikaguru ambaye laigwanani wa Kimaasai anaweza kumkaribisha bomani, na mfugaji ambaye mama wa Kikaguru anaweza kumpa kigoda. Wanawake wawemo, maana ndio wanaoteka maji mahali ugomvi unapoanzia.

Pili, hasara zihesabiwe za pande zote mbili katika daftari moja: ekari za mahindi zilizoliwa, ng'ombe waliokatwa mapanga, faini zilizotozwa bila stakabadhi. Mapatano yaandikwe kwa Kiswahili chepesi, yasomwe kwa sauti mbele ya mkutano wa kijiji, na yatafsiriwe kwa asiyesikia Kiswahili vizuri. Kijiji kilicho jirani na Msovero kisitie dole gumba mahali ambapo hakijasomewa.

Tatu, pasiwepo na kijana anayetolewa ili wazee wapatane. Mara nyingi ugomvi humalizwa kwa kumpata mchungaji mmoja wa miaka kumi na sita, au mkulima mmoja asiye na ndugu mjini, akapelekwa kituoni kubeba kosa la wote. Mwenye kosa ajibu kosa lake mbele ya sheria. Asiye na kosa asiwe karatasi ya kufungia mapatano. Na fidia itakayokubaliwa imfikie mjane aliyeliwa shamba. Isiishie katika posho za kamati.

Amani ya namna hiyo huenda polepole, na haina picha nzuri gazetini. Yakobo mwenyewe alifika kwa Esau akichechemea, kwa kuwa usiku ule alikuwa ameshindana na Mungu mpaka alfajiri. Huenda kiongozi yeyote anayemwendea hasimu wake kwa kweli hana budi kufika akichechemea, kwa sababu amekwisha kushindana na majivuno yake. Tuwaombee viongozi wetu neema hiyo, wa taifa na wa kitongoji, na tusiache kuwauliza kwa heshima: nani amelipa?

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Katika kijiji chetu, ni upande gani ambao hatujawahi kuutumia mjumbe? Ni nani kati yetu anaweza kupokewa huko?

2. Ni lalamiko gani la hasimu wetu ambalo, tukisema kweli, lina haki ndani yake?

3. Je, tunakumbuka suluhu yoyote ya ukoo au ya kijiji ambayo gharama yake ilibebwa na mtu mmoja mnyonge? Mtu huyo, au familia yake, tunaweza kumfanyia nini leo?

4. Someni Mwanzo 32 na 33, kisha Luka 23:6-12. Upatanisho tunaousikia katika habari za siku hizi unafanana na upi?